Hela ya Shangazi bado iko kwenye simu yangu

Begi lilikuwa la bluu, zipu imekufa siku nyingi, limefungwa katikati kwa kipande cha kitenge. Dereva alilitoa nyuma ya Coaster akaliweka chini pale Masasi, akalifuta vumbi kwa kiganja kama begi la mama yake mzazi. Gari linaunguruma. Sisi wengine 16 tumekaa ndani tunachungulia dirishani, hakuna aliyeshuka, hata mimi sikushuka. Shangazi akaita bodaboda, wakavutana bei kidogo, begi likalazwa mbele kwenye tangi, yeye akapanda upande vile wamama wanavyopanda, mkono mmoja kwenye bega la kijana, mkono mwingine umeshika mfuko wa rambo wenye maua ya plastiki.

Akatupungia.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Haya twendeni, jua hilo."

Tukaenda.

Tumerudi Dar wiki ya saba hii, na kila nikiulizwa safari ilikuwaje najibu "nzuri sana jamani, nchi yetu kubwa" halafu nabadilisha mada haraka haraka, naulizia watoto, naulizia bei ya mchele, chochote. Nimejaribu kuandika hii makala mara tatu nikafuta. Nilikuwa naandika kuhusu barabara na milima na vyakula, inatoka vizuri tu, nikifika Masasi vidole vinagoma.

Kikundi chetu

Wanaonisoma siku nyingi wanakijua, nimeshakisema sana humu. Kwa mgeni: ni kikundi cha mtaani cha kufa na kuzikana, kile cha kawaida kabisa, tuna turubai letu, viti vyetu 100, masufuria yetu yaliyoandikwa jina kwa rangi nyekundu ili yasipotee kwenye misiba ya watu. Mwenyekiti ni fundi umeme mstaafu. Mimi ndo mweka hazina, kisa niliwahi kuwa keshia miaka mitatu basi wakaamua naweza hela.

Wazo la safari lilitokea msibani, wapi tena. Tunaosha vyombo usiku, mwenzetu mmoja akasema hivi sisi tunakutana kwenye vilio tu, lini tutakaa pamoja tukicheka? Tukachanga mwaka mzima, 450,000 kila mtu, tukakodi gari. Siku 10, mzunguko wa kusini: Iringa, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, Mtwara, Lindi, Kilwa, nyumbani.

Shangazi ndo mkubwa wetu kiumri. Jina hilo kapewa na kikundi, hana undugu na yeyote kati yetu. Ni yule mtu ambaye msiba ukitokea saa tisa usiku wewe unafika saa kumi na moja unamkuta ameshakoka moto.

Siku sita za raha

Sitazieleza sana. Mikumi tuliona twiga na tembo kutoka barabarani bila kulipa kiingilio, watu wakapiga kelele kama watoto wa shule. Kitonga, ule mlima wa makona, dereva alizima muziki mwenyewe bila kuambiwa, na watu wote wakanyamaza, kila mtu anaomba kwa dini yake. Njombe baridi ya Julai ilitukomesha, kuna mwenzetu alilala na viatu. Parachichi tulinunua ndoo nzima zikaivia garini zote siku moja.

Shangazi alikaa nyuma ya dereva njia nzima. Haongei sana. Kazi yake ilikuwa kuuliza "hapa wapi sasa?" na akishaambiwa anarudia lile jina polepole, Mafinga, Makambako, Madaba, kama mtu anayehesabu shanga.

Songea sokoni alinunua yale maua ya plastiki. Mekundu na meupe. Tukamtania weee, Shangazi anaenda kuolewa Mtwara, Shangazi kuna mzee anakusubiri huko. Akacheka na yeye.

Hakuna aliyemuuliza ya nini.

Asubuhi ya Masasi

Kutoka Songea mpaka Masasi ni zaidi ya kilomita 450, unapita Namtumbo, Tunduru, Mangaka, sehemu nyingine unaenda nusu saa hujaona nyumba. Tulifika usiku miguu imevimba. Kwahiyo asubuhi watu wako kwenye supu na chapati, wamenuna, wanataka bahari. Shangazi akaweka kikombe chini akasema, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi:

"Jamani, naomba tupite njia ya Newala. Si inatokea Mtwara huko huko? Kuna kaburi la baba yangu pale kijijini, ni kushuka dakika chache tu."

Kwa ambaye hajafika, kutoka Masasi kwenda Mtwara kuna njia mbili. Kuna ya Ndanda na Mnazi Mmoja, lami tupu, unateleza. Na kuna ya kupanda Newala juu ya uwanda wa Wamakonde, kama kilomita 210. Dereva akasema hiyo ya Newala hajaipita mwaka wa nne, anasikia kuna vipande wanajenga na vingine vumbi, inapitika, ila tusiahidiane saa ya kufika.

Watu wakaanza. Mmoja mgongo unamuuma. Mwingine eti vumbi linampa pumu, na mimi nimemjua miaka minane sijawahi kusikia ana pumu. Mwenyekiti hapendi ugomvi, akasema tupige kura, ila kwanza tumsikie mweka hazina.

Mweka hazina ni mimi.

Nikasema, "Gesti ya Mtwara nimeshalipia, na chakula cha mchana kimeshapikwa cha watu 18 pamoja na dereva. Tukichelewa hiyo hela imeenda."

Waliotaka Newala walinyoosha mikono watano, Shangazi mmojawapo. Waliotaka Ndanda tisa. Watatu hatukunyoosha kokote, wawili walikuwa wanaangalia simu na mimi nilikuwa naangalia daftari.

Shangazi akasema, "Haya, basi mi nitashukia hapa. Nyie endeleeni, tutakutana Dar." Hakununa. Alimalizia chapati yake. Angenuna ingekuwa afadhali.

Sasa sikilizeni. Kule Mtwara sikuwa nimelipia. Nilikuwa nimetuma kianzio, elfu hamsini, na mwenye gesti alishaniambia kwa mdomo wake kwenye simu, dada mkichelewa hamna shida, vyumba vyenu vipo, siku hizi wageni wenyewe hakuna. Chakula ndo kabisa, nilikuwa nimeuliza bei tu.

Kwanini nilisema vile? Nimejiuliza hilo swali nikiwa nafua, nikiwa kwenye daladala, nikiwa kanisani. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na hamu ya pweza. Na kuna kitu kingine ambacho kinanitia aibu zaidi ya uchovu, nilikuwa na lile daftari, kila usiku nafunga hesabu inakaa sawa kabisa, na nilikuwa nimeanza kuipenda ile sawa kuliko watu waliokuwa wanaichangia. Mafuta ya mzunguko wa Newala hayakuwa kwenye bajeti.

Tulifika Mtwara saa saba mchana. Mnajua tulifanya nini?

Tulilala. Wote. Mpaka saa kumi na moja.

Picha

Wiki ya pili baada ya kurudi simu ikaniambia nafasi imejaa, nikakaa kitandani nafuta picha. Nikawa napitisha moja moja. Na hapo ndo ile ya Masasi ilianza kunisumbua kwa sura nyingine.

Siku ya pili, Kalenga, Iringa. Tumelipa kiingilio, tumepanga foleni kuangalia fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, kwenye kabati la kioo. Mwongozaji anatueleza lilivyochukuliwa na Wajerumani baada ya yeye kujipiga risasi mwaka 1898, likaandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, likarudi 1954. Miaka 56 kichwa cha mtu kiko ugenini! Kuna picha ya Mwenyekiti amevua kofia, ameishika kifuani.

Siku ya tano, Songea, makumbusho ya Maji Maji. Kaburi la halaiki la walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, watu zaidi ya 60. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, ana kaburi lake peke yake, na inasimuliwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, mpaka leo wajukuu zake wanakitafuta. Rais wa Ujerumani alikuja pale Novemba 2023 akaomba radhi. Tulikaa pale karibu masaa mawili. Wawili kati yetu walilia. Yule mwenye pumu alisema kabisa, nimemrekodi kwenye video, "mtu asipojua kaburi la baba yake lilipo ni kama hana kwao."

Shangazi yupo kwenye ile video. Yuko pembeni, mfuko wa maua mkononi, ndo alikuwa ametoka kuyanunua.

Tulilipa viingilio kuangalia makaburi ya watu. Siku mbili baadaye tukaombwa kuangalia moja la bure, na sisi ni chama cha kufa na kuzikana, imeandikwa kwenye masufuria, tukapiga kura.

Simu niliiweka chini sikufuta kitu. Mpaka sasa imejaa.

"Litaangaliwa"

Nikajipa moyo kwamba kosa ni lake kidogo, kwanini aseme asubuhi ile ile, watu wazima tunapanga mambo mapema. Nikamwomba Katibu daftari la mihtasari kwa kisingizio cha kulinganisha michango. Kikao cha Machi, kipengele cha nne, mwandiko wa Katibu ule wa kulala:

"Mjumbe mmoja aliomba tupite Newala. Litaangaliwa."

Mjumbe mmoja. Na mimi nilikuwepo kikao hicho, jina langu liko juu kwenye waliohudhuria, nafikiri ndo siku tulibishana nusu saa kama tubebe jiko la gesi au la mkaa.

Daftari

Hesabu za mwisho zilipofungwa ikabaki 112,500. Iko kwenye simu yangu, na kila nikitaka kulipia umeme naiona. Nimeshaizoea sura yake. Mtu mwingine angetangaza kwenye grupu tugawane, kila mtu apate kama elfu sita na mia sita, iishe. Nilishindwa, nikawa sijui nashindwa nini, mpaka usiku mmoja nikachukua kalamu.

Shangazi alishuka siku ya saba. Malazi yaliyobaki ni usiku tatu, Mtwara mbili, Kilwa mmoja, elfu ishirini ishirini, 60,000. Chakula siku nne kwa 12,000, hiyo 48,000. Jumla 108,000.

Yaani karibu yote ni yake. Zile 4,500 ni chenji za maji tu.

Tulikula pweza Mtwara, tukavuka boti kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, tukarudi na ziada, na ziada yenyewe ni kitanda ambacho Shangazi hakukilalia.

Nilimtumia meseji nimrudishie. Akajibu, "Usijali mwanangu, ya kikundi hiyo." Na kile kimoyo chekundu. Hakutoka kwenye grupu, wala hajawahi kusema neno, watu wakituma picha za Kilwa anaweka dole gumba, wakati hata Kilwa hakufika. Wenzangu wawili watatu wananiambia achana nayo, yeye mwenyewe alichagua kushuka, na nadhani alienda akafurahi na ndugu zake kuliko sisi. Na mimi nikaanza kuishika hiyo. Nilikuwa nimeshaandika na rasimu ya makala, kwamba sisi tulipita nchi dirishani lakini Shangazi ndo alifika. Imekaa vizuri kweli. Nilikuwa karibu niiposti.

Halafu nikaona nisimsemee mtu mambo ambayo sijamuuliza.

Nikapiga simu

Juzi Jumapili, baada ya ibada.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mweka hazina wangu."

Nikazunguka zunguka, hali ya hewa, magoti yake, mwisho nikauliza kule kijijini ilikuwaje. Akanyamaza kidogo, nasikia anachambua mchele kwenye ungo, ule mlio. Akaanza kunisimulia na mimi nitaandika kama nilivyosikia, kaniruhusu, ila kasema nisitaje kijiji.

Baba yake alikufa Februari 1998, mvua za El Niño. Taarifa ilimfikia siku ya tatu kwa simu ya ofisi moja aliyokuwa anafanya usafi. Akakimbilia stendi, basi za kusini hakuna, Rufiji imejaa, pantoni ya Ndundu haivuki, barabara huko mbele imekatika. Wenye umri wao wanakumbuka, kusini ilikuwa nchi nyingine. Akarudi nyumbani akakaa matanga peke yake chumbani kwa kupanga, majirani hawajui hata kama amefiwa. Hakukuwa na kikundi wakati ule.

"Ndo maana mi nawahi misibani," akasema. "Nyie mnadhani napenda kukoka moto."

Mwaka 2003 daraja la Mkapa likafunguliwa pale Rufiji. Ndo ikawa mbaya zaidi, anasema, maana sasa hana cha kusingizia, na miaka imeshapita mitano, utaingia vipi kijijini unalia miaka mitano baadaye? Ikawa kumi. Ikawa ishirini.

Nikamuuliza, Shangazi, si ungepanda tu basi ukaenda mwenyewe, siku hizi lami mpaka Masasi?

"Mwenyewe? Mtu haendi kulia peke yake mwanangu. Ningeenda mwenyewe wangesema nimefuata mali. Mi nilitaka wanione nimekuja na watu wangu."

Watu wangu.

Nilikuwa nimesimama, nikakaa.

Alifika na bodaboda jioni, mtu mmoja, begi moja, maua ya plastiki. Ndugu wako mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, ndo msimu wake ule, wamefunga vitambaa puani, wamekuwa weupe wa ule unga. Mtoto wa baba yake mdogo akazima mashine, akamtazama, na salamu ya kwanza baada ya miaka yote hiyo ikawa, "Umekuja kuhesabu mikorosho?"

Maana baba yake aliacha mikorosho. Na korosho ilishapanda bei, ikashuka, ikapanda, kila mti una mwenyewe na ugomvi wake.

Alilala usiku mmoja. Asubuhi bibi mmoja wa ukoo, haoni vizuri, akampeleka makaburini. Msalaba ulikuwa wa mbao, mchwa walishaumaliza. Bibi akasimama akasema ni hapa. Halafu akageuka akasema, au ni pale. Matuta mawili, hatua kama sita, katikati umeota mkorosho. Hakuna mwingine anayejua, aliyechimba naye alishakufa.

"Ukafanyaje?"

"Nikagawa maua. Mekundu huku, meupe huku."

Siku hiyo hiyo akapanda basi akarudi Dar. Alifika kabla yetu. Yaani sisi tuko Kilwa tunapiga picha kwenye boti, yeye ameshafika nyumbani na ameshafua.

Nikamwambia ya kianzio. Nilisema yote, elfu hamsini, mwenye gesti alivyosema, chakula ambacho hakikupikwa. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Ule mlio wa mchele ukasimama, halafu ukaendelea.

"Kwahiyo ndo kilikuwa kinakunyima usingizi."

"Ndiyo Shangazi."

"Vizuri."

Hakusema nimekusamehe. Mi nilisubiri, hakusema. Nikamwambia kuna 112,500 hapa na si ya kikundi, ni yako, nikutumie sasa hivi. Akakataa. Akasema nikaisome kwenye kikao, mbele ya watu, na pale kwenye mihtasari Katibu aandike jina lake, asiandike mjumbe mmoja. Halafu tununue saruji, maana Mwenyekiti anajua na kazi ya ujenzi, na wale vijana watatu wa kikundi wana nguvu za kubeba, na Coaster dereva tunamjua.

Nikachukua kalamu. Nikamuuliza mifuko mingapi.

"Piga hesabu ya makaburi mawili," akasema. "Wewe si ndo una daftari."